Baraza ya Manspaa Ndogo

Haya nimeyapata kwa shoga yangu Sheikha, mke wa Mzee Sufyan mshona kanzu, mwezi wa mfungo sita uliopita, alasiri moja tulipokaa ukumbini kwake kukunja sambusa za maulidi. Mengine nilikuwa nayajua, kwa kuwa mtaa ni mmoja na kuta zetu zimegusana. Lakini lile la ndani, lililokuwa likimla Sufyan, sikulijua mpaka siku ile. Sheikha alilisema ameinamia sinia, hanitazami, na mikono yake haikusita kukunja. Akanambia, "Liandike wewe. Mimi nikilisema tena nitalia." Basi naliandika polepole, kama nilivyolisikia.

Kwanza nilieleze jumba, maana waliozaliwa juzi hawalijui. Pale Mji wa Kale unapomalizikia, ukitaka kutokea Makadara, palikuwa na jumba la ghorofa moja tukiliita Manspaa Ndogo. Ile Manspaa yenyewe, kubwa, ilikuwa kwengine; hii yetu ilikuwa kama mtoto wake. Kuta zake za mawe na chokaa, nene, hata ukipitisha mkono dirishani vidole havitokezi nje. Madirisha ya mbao, rangi ya kijani. Wazee walikuwa wakisema kabla ya Mngereza lilikuwa ghala la ngozi, na kweli siku za mvua ngazi zake zilikuwa zikitoa harufu ya ngozi. Mngereza akalichukua, akatoboa madirisha mawili ya kazi pale chini: dirisha la leseni na dirisha la vizazi.

Wenye mikokoteni, wauza maji na wauza kahawa walikwenda dirisha la leseni. Dirisha la pili tulikwenda sisi, na watoto kifuani. Karani wa dirisha lile alikuwa mchovu tangu asubuhi. Mama akimwambia mtoto kazaliwa mwezi wa Rajabu, mvua ikinyesha, yeye haulizi zaidi. Anaandika Januari, tarehe mosi. Mpaka leo nusu ya mtaa wetu huzeeka siku moja. Juu kulikuwa na chumba cha chanjo. Nilichanjwa pale mimi, wakachanjwa na wanangu, na kila nikisikia harufu ya spiriti mkono wangu wa kushoto hujikunja wenyewe.

Mngereza akaondoka, Manspaa ikabaki. Watu wakabadilika nyuma ya madirisha, lakini mbele, barazani, palikuwa vilevile. Ilikuwa baraza ndefu ya mawe, imelainika kwa kukaliwa, na mwenyewe alikuwa Abdulhadi.

Abdulhadi alikuwa tarishi. Shati la kaki, kofia ya vito iliyodariziwa, na kengele ndogo ya mkono. Kazi yake ilikuwa kupeleka mafaili juu na chini, na kuwapanga watu. Ukifika tu, kabla hujafungua mdomo kueleza shida yako, anakwambia, "Keti barazani, utaitwa." Aliwaambia hivyo mabibi, aliwaambia walimu wa madrasa, aliwaambia waliokuja na jeneza kuuliza karatasi ya maziko. Watoto walikuwa wakimwigiza. Siku moja alikuja bwana mmoja kutoka Kizingo, amejaza suti, dereva anamngoja garini na injini inanguruma.

"Mimi sina wakati wa kukaa," akasema.

"Wakati ni wa Mungu, bwana, na baraza ni ya Manspaa," akajibu Abdulhadi. "Keti, utaitwa."

Akaketi, baina ya mchukuzi wa maji na mama mwenye pacha wanaolia. Na zamu yake ilipofika aliitwa, wala hakupitwa. Hilo ndilo watu walilompendea Abdulhadi. Alikukalisha, lakini hakukusahau.

Sufyan alikuwa na kibanda chake cha kushona upande wa pili wa njia. Walikua pamoja, wakachezewa ngoma ya harusi mwezi mmoja, na kila ikishaswaliwa alasiri alikuwa akivuka na buli la kahawa, wakakaa. Hata ofisi zilipohamishwa, madirisha yakapigiliwa mbao na Abdulhadi akavuliwa kaki, wao hawakuhama. Ufunguo ulibaki kwake, na kila asubuhi alikwenda kufungua mlango kidogo jumba lipate hewa, kisha akafagia baraza.

"Yakhe," Sufyan alikuwa akimtania, "watu wakistaafu hulala. Wewe unafagia ofisi haina hata paka."

"Na wewe unawashonea kanzu watu watakaovaa sanda. Mimina kahawa."

Kulikuwa na jambo jengine la Sufyan ambalo lazima mlijue. Alikuwa na ulimi. Mtaani kwetu mtu akitaka kuposa alimtafuta yeye kwanza ndipo akatafuta mahari. Angekwenda na wazee wa upande wa mume, wote wakae kimya kama wamemwagiwa maji, aseme yeye peke yake. Ndiyo desturi yetu: mkishamkabidhi mtu neno, limekuwa lake. Akisema vizuri mmesema nyote, na akikosea hamumrekebishi mbele za watu, mnarudi naye nyumbani na kosa lenu. Mtu akidakia, ni aibu kwa posa nzima. Sufyan hakuwahi kurudi mikono mitupu.

Basi zikaja habari kwamba Manspaa Ndogo inabomolewa. Kiwanja kilikuwa kimeshaingia mkononi mwa tajiri mmoja, na alitaka kusimamisha jengo jipya, maduka chini, nyumba juu. Lakini kwa sababu jumba lilikuwa la kale, ilibidi wenyeji waulizwe. Ukapangwa mkutano katika ukumbi wa madrasa.

Abdulhadi alikwenda nyumbani kwa Sufyan siku ileile. Sheikha alikuwa nyuma ya pazia anapepeta mchele.

"Mimi sijui kusema," Abdulhadi akasema. "Nimezoea kuwaambia watu waketi. Nikisimama mbele ya watu nitatetemeka tu. Nakuachia wewe, yakhe. Kawaambie lile jumba ni la watu. Wafanye zahanati, wafanye maktaba ya watoto, lolote, bora lisimame. Kaniposee."

Sufyan akacheka. "Mke mwenyewe mzee huyo, ana nyufa."

"Nami nina nyufa. Tutalingana."

Wakapeana mikono. Abdulhadi akaenda zake akipiga mluzi, na tangu siku ile aliwaambia watu wote mtaani wasiwe na wasiwasi, neno liko kwa Sufyan.

Siku mbili tatu baadaye Sufyan akashikwa na homa, ya kawaida tu, akapona. Na alipopona ndipo akaja Gunga. Huyu Gunga alikuwa mtu wa kutumwa na yule tajiri. Mpole, anavua viatu mlangoni bila kuambiwa, anauliza hali za watoto kwa majina. Sheikha alimtengenezea sharubati ya ukwaju, akaipitisha pembeni ya pazia, na akasikia kila kitu.

"Mzee, mimi sikuja kukwambia useme nini," Gunga akasema. "Nimesikia tu Khubaib wako anauza bizari kule Makadara chini ya mwavuli, mvua ikinyesha anafunika magunia kwa nguo yake mwenyewe. Nikasikitika. Yale maduka ya chini yatakuwa na wapangaji, na mwenyewe ameapa majirani waliokaa naye vizuri ndio wa kwanza kufikiriwa. Ukumbini mtu akiulizwa, si lazima aseme. Kuna na kunyamaza."

Gunga akanywa sharubati yake yote, akashukuru, akavaa viatu.

Hapa Sheikha aliiweka sambusa chini. Akanambia, "Shoga, ningetoka nyuma ya lile pazia nikasema neno moja, mume wangu angenisikia. Nilijua alichokuwa akikifikiri. Lakini Khubaib ni mwanangu. Alikuwa anakohoa kwa ile mvua. Nikachukua gilasi nikaenda kuiosha."

Mkutano ulijaa. Wanaume mbele, wanawake nyuma. Afisa aliyetumwa alikuwa kijana, jina lake Dishon, na alikuja kwa heshima.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba."

Ikasomwa Fatiha. Dishon akasimama, akaeleza bila kuficha. "Mimi kazi yangu ni kupeleka maoni yenu. Mkisema jumba libaki, na mkaeleza kwa nini, nitapeleka hivyo na litazuiliwa mpaka lizungumzwe upya. Mkinyamaza, nitasema hakuna aliyepinga. Nawasikiliza nyinyi."

Watu wote wakageuza vichwa kwa Sufyan. Abdulhadi alikuwa amekaa karibu naye, ameivaa kofia yake mpya, anatabasamu kama bwana harusi. Sufyan akainuka. Akajirekebisha kanzu. Akakohoa.

"Mwanangu," akasema, "sisi hatuna neno."

Akakaa.

Feni ikasikika ikizunguka. Dishon akatazama huku na huku, kama mtu aliyetegemea kupewa kitu kizito akapewa unyoya. "Hakuna mwengine? Yeyote? Mama zangu huko nyuma?" Abdulhadi alifungua mdomo. Sheikha anasema alimwona, midomo ilianza kabisa. Kisha akaufunga, akazitazama ndara zake. Alikuwa ameshamkabidhi mtu neno lake. Na ikiwa mwenye neno kasema hana, nani angedakia? Ukumbi mzima, watu wenye akili zao, watu waliochanjwa mle na kuandikwa mle, walikaa kimya kwa adabu. Dishon akaaga, na wazee wakamsindikiza mpaka mlangoni wakamshukuru kwa kuja.

Njiani Abdulhadi alimshika Sufyan mkono.

"Ni ile homa, yakhe?"

Sufyan akatazama njia mbele yake.

"Nimeona macho yako mekundu. Imekurudia, siyo? Ungeniambia tu, ningemwomba Maalim wa madrasa aseme. Umejitesa kuja."

Na Sufyan akasema, "Ndiyo. Imenirudia."

Jioni ile Nabiha, binti Abdulhadi, akaja na chungu cha uji wa pilipili manga na tangawizi, umefungwa kwa kitambaa. "Baba anasema Ami Sufyan aunywe ungali moto, kisha ajifunike." Sufyan akaunywa wote, mzima wa afya, jasho linamtiririka, mbele ya mkewe. Sheikha anasema tangu aolewe hajawahi kumwona mtu akinywa kitu kama vile.

Jumba lilivunjwa baada ya mvua za masika. Nilikwenda kutazama, kama walivyokwenda wote. Vumbi la chokaa liliingia mpaka kwenye vyungu vyetu. Ndani ya kuta yalitoka mapande ya boriti meusi, bado magumu, yakigongwa yanalia. Abdulhadi hakulia wala hakugombana na mtu. Aliwasubiri mafundi wafike barazani, kisha akawaomba pande moja la ile baraza. Wakamkatia la kutosha mtu mmoja kukaa. Sufyan alikuja na mkokoteni, wakalisukuma pamoja mpaka nyumbani kwa Abdulhadi, wakaliweka ukumbini kando ya mlango. Nabiha alikuwa akijigonga nalo kidole cha mguu kila wiki.

"Baba, hili jiwe litanivunja."

"Wewe ndiye uliyelikuta. Lipishe."

Jengo jipya likapanda, na ahadi ikatimizwa. Khubaib akapata duka. Hakudhulumu mtu, maskini, wala hakujua lolote. Yeye aliambiwa limepatikana akasema alhamdulillahi. Ni duka zuri, bizari zimepangwa kwenye mitungi ya kioo, tende za kila namna, na liko palepale lilipokuwa dirisha la vizazi. Wateja walikuwa wengi. Kikohozi kikamwisha. Ningependa kusema lilifilisika, maana ndivyo hadithi zinavyotaka, lakini halikufilisika.

Abdulhadi naye akaanza kupotea kidogo kidogo. Mwanzo ilikuwa majina. Kisha akawa anafika dukani kwa Khubaib, anasimama mbele ya mitungi, anauliza, "Karani yuko wapi leo?" Khubaib alimpa kiti na gilasi ya chai, akampeleka nyumbani kwa mkono. Sufyan alikuwa akiona kutoka kibandani kwake, sindano mkononi, na alikuwa hashoni.

Mwaka huu uliopita Khubaib akamlipia babake Hija. Sheikha alikuwa ameshakwenda zamani na kaka yake, kwa hivyo Sufyan akaandikwa peke yake, na watu wa kundi lake. Mtaa ulifurahi. Na kama mnavyojua, kwetu mtu hapandi ndege kwenda Makka mpaka azunguke kutaka radhi kwa majirani na jamaa, kwa aliowahi kuuziana nao, hata kwa aliogombana nao juu ya kuku. Husema, niwie radhi nililokukosea ukalijua na nililokukosea usilijue. Naye mwenyeji hujibu papo hapo, nimekuwia radhi duniani na akhera. Haulizi kwa lipi. Kuuliza ni ukorofi, ni kama kumvua mtu nguo njiani.

Sufyan akazunguka nyumba zote. Kwa Abdulhadi akabakisha mwisho. Alikuwa amekusudia, na Sheikha alijua amekusudia, kwa sababu usiku wa kuamkia siku ile alimwambia, "Kwa yule sitasema kwa jumla. Nitalitaja."

Lakini walipofika, nyumba ilikuwa imejaa. Watu walikuwa wamesikia kuwa Sufyan yuko njiani, wamekuja kumuaga. Maalim alikuwako, ametia udi. Abdulhadi siku ile akili zilikuwa zimemtulia. Alikaa katikati, amevaa kanzu aliyoshonewa na Sufyan mwenyewe. Sufyan akapiga magoti mbele yake.

"Abdulhadi, ndugu yangu, nimekuja kukutaka radhi. Kuna jambo..."

"Nimekuwia," akasema Abdulhadi, na akamkumbatia kichwa. "Nimekuwia radhi duniani na akhera, yakhe, hata kabla hujasema. Nawe niwie."

"Nisikilize kwanza. Kuna jambo mimi..."

Lakini watu walikuwa wameshaitikia amina, wanawake ndani wameanza kulia, na Maalim ameinua mikono anaomba dua. Dua haikatizwi. Ilipokwisha, kila mtu alikuwa anataka kumpa Sufyan mkono na kumwagiza salamu. Sheikha aliyekuwa mlangoni akamwambia, "Umeshawiwa radhi, twende." Anasema hilo nalo linamuuma. Laiti asingemharakisha. Alifikiri limekwisha. Wote walifikiri limekwisha.

Sufyan akahiji, akarudi. Alirudi na maji ya zamzam na tasbihi za kugawa, na uso kama wa mtu aliyesahau kitu uwanja wa ndege. Watu wakimwita Haji alikuwa akiinamisha kichwa. Ule usingizi wake wa mchana, ambao Sheikha anasema zamani ungeweza kumbeba yeye na kitanda usimwamshe, ukaondoka. Mchana jua kali, maduka yamefungwa, mji mzima umelala baada ya chakula, yeye anazunguka uani.

"Una nini, Baba Khubaib?"

"Kila nilipoomba kule nilikiona kile chungu cha uji."

"Si alikuwia radhi?"

"Aliniwia radhi ya homa," Sufyan akasema. "Hajui alichosamehe. Mimi nimehiji kwa duka, na duka nimelipata kwa neno lake. Nataka aniambie nimekusamehe akijua. Au aniambie sikusamehe. Hata hilo nitalichukua."

Sheikha akamwambia, "Basi nenda ukamwambie. Nitakwenda na wewe."

Walikwenda siku moja baada ya adhuhuri, saa hiyo ya joto ambayo mitaa huwa mitupu. Walipita mbele ya duka la Khubaib, limefungwa kwa mapumziko. Sheikha alibeba chupa ya zamzam na kikapu cha tende. Wakabisha hodi, Nabiha akafungua.

"Karibu Ami. Karibu Mama Khubaib. Baba leo yumo na hayumo."

Abdulhadi alikuwa amelala kitandani pale ukumbini, karibu na dirisha, mto mmoja chini ya kichwa. Alikuwa amekonda, na ile kengele yake ya ofisi ilikuwa juu ya kimeza, Nabiha alimpa aitie anapotaka maji. Akawatazama wageni kwa adabu ya kazini.

"Wewe ni wa leseni au wa vizazi?"

"Ni mimi. Sufyan."

"Sufyan hajafika. Huja alasiri, na kahawa."

Sheikha akamnywesha zamzam kwa kijiko. Akasema bismillahi vizuri, akameza. Nabiha akataka kuleta kiti lakini Sufyan akakataa, akavuta mkeka, akakaa chini karibu na kitanda. Akaushika mkono wa rafiki yake.

"Unaukumbuka mkutano wa madrasa?"

Uso wa Abdulhadi ukang'aa. "Nimemwachia Sufyan. Ulimi anao yule. Utaona, jumba halitaguswa."

"Sufyan hakusema. Alisema hatuna neno."

Mzee akafikiri. Walimwona akitafuta, kama mtu anayetafuta ufunguo mfuko huu na mfuko huu. "Ndiyo," akasema mwisho, polepole. "Alikuwa na homa, maskini. Angekuwa mzima angesema."

"Hakuwa na homa, Abdulhadi. Alikuwa mzima. Alikuja mtu nyumbani kwake akampa tamaa ya duka kwa ajili ya mwanawe, akanyamaza kwa sababu hiyo. Wewe ulimpa neno lako akalitupa. Duka amelipata. Hija amekwenda kwa duka hilo. Sasa amekuja kutaka radhi, si ile ya jumla ya kuombewa dua. Radhi ya hili."

Sheikha anasema sauti ya mumewe, aliyewaposea watoto wa mtaa mzima, ilikuwa haitoki vizuri.

Abdulhadi aliuvuta mkono wake. Akajiinua kwa kiwiko, peke yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa siku nyingi, hata Nabiha akasogea kumshika.

"Wewe ni mtu wa wapi?"

"Wa hapa hapa."

"Mtu wa hapa hapa hawezi kumsema Sufyan hivyo. Usimtukane ndugu yangu mbele yangu. Nilimpelekea uji mimi mwenyewe, wa pilipili manga. Aliunywa wote?"

"Aliunywa wote."

"Basi alikuwa mgonjwa. Nani mzima atakayeunywa ule?"

Nabiha akacheka kidogo bila kutaka, kisha akaziba mdomo. Sufyan hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, na Sheikha aliona matone yanaangukia mkeka.

"Abdulhadi," akasema, "nakuomba. Ni mimi. Nitazame."

Mzee akamtazama, kwa muda. Hasira ikamwondoka, ikaja ile sura yake ya zamani tunayoijua sote, ya mtu mwenye kazi nyingi na watu wengi mbele yake, na kila mmoja ana shida yake, na kila mmoja lazima afikiwe.

"Ikiwa una neno na Sufyan," akasema, "mimi si wa kulipokea. Mimi tarishi tu. Akija nitamwambia uko." Akanyoosha kidole kando ya mlango, kwenye lile pande la jiwe. "Keti barazani, utaitwa."

Akajilaza. Akageukia ukutani, mkono chini ya shavu, na haukupita muda pumzi zake zikawa ndefu.

Sheikha akavaa buibui lake. "Baba Khubaib, twende. Amelala."

"Nimeambiwa nikae."

"Tutarudi alasiri."

"Alasiri hatakuwa amesema utaitwa. Atakuwa ameshasahau." Sufyan akainuka kwa shida kutoka mkekani, akaenda akaketi juu ya lile jiwe, mgongo ukutani, mikono juu ya magoti. "Hapa sijawahi kukaa kama mtu wa kungoja, unajua? Siku zote nilikaa kama mwenyeji."

Nabiha akasogea dirishani. Alishusha pazia la dirisha ili jua lisimfike babake, akamletea Ami Sufyan mto, akauweka nyuma ya mgongo wake. Kisha akajinyoosha mkekani, kwa kuwa tangu alfajiri alikuwa kwa miguu, na akalala hapo hapo. Sheikha alikaa mlangoni na kikapu chake cha tende ambacho hakuna aliyekigusa. Njiani hapakuwa na mtu.

Anasema Sufyan alikaa macho kwa muda, anaitazama ile kengele juu ya kimeza kama mtu anayesikiliza. Kila mzee aliposogea kitandani, yeye aliinua kichwa. Mara nyengine alifungua mdomo kidogo, tayari. Kisha kichwa kikaanza kumlemea. Kikainama, kikainuka, kikainama. Na mwisho, ameketi vilevile kama mtu aliye kwenye foleni, mikono magotini, Haji Sufyan akalala.